Portobello: Mji Uliomezwa na Edinburgh Ukakataa Kusagika

Mpwa wangu amepata chumba cha kupanga huko Scotland, na siku ya kwanza tu akachanganyikiwa. Barua ya chuo inasema Edinburgh. Msimbo wa posta ni EH15, na herufi hizo mbili za mwanzo ni za Edinburgh. Basi analopanda kwenda darasani halivuki mpaka wowote. Lakini alipomwambia mama mwenye nyumba kwamba amefurahi kuishi Edinburgh, mama yule alinyoosha kidole upande wa magharibi: Edinburgh ni kule, hapa ni Porty, yaani Portobello. Jioni nikapokea ujumbe: "Mjomba, hivi mimi niko mji gani?"

Swali hilo lina haki yake. Jina lenyewe la Portobello linapoteza watu: mmoja husikia soko la mtaani la London, wa pili husikia uyoga mkubwa wa kukaanga, wa tatu anaapa kwamba ni Italia. Na ukishamweleza mtu kuwa hii ni sehemu ya pwani yenye ufukwe wa mchanga, kiasi cha kilomita tano mashariki ya katikati ya Edinburgh, bado hujamaliza kazi. Inakuwaje mahali pasipo na meya, pasipo na bajeti wala mpaka, wenyeji wake wapaite mji? Na wapaite hivyo kwa uzito, hadi kulipeleka jiji mahakamani?

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi umo humo.

Scotland ilikuwa na aina ya mji ulioitwa burgh, neno linalotamkwa karibu sawa na "bara" yetu, na ambalo limo hata kwenye mkia wa jina Edinburgh. Mimi nitauita mji wenye hati. Kulikuwa na miji ya hati ya kifalme, ya zamani sana, na baadaye ikaja iliyopata hadhi kwa sheria za Bunge. Hati iliwapa wakazi haki ya kuchagua baraza lao, kutoza kodi ya majengo, kuwasha taa za barabarani, kuvuta maji, kufagia, kuajiri askari, na kuwa na kiongozi wao anayeitwa provosti, ambaye sisi tungemwita meya.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili. Kuna mahali: nyumba, barabara, mchanga, kanisa, baa, majirani. Na kuna mji kama mtu wa kisheria, anayeweza kumiliki kiwanja, kukopa benki, kushtaki na kushtakiwa. Ni kama duka na leseni yake. Leseni ikifutwa leo, mizani, rafu na wateja wenye madeni bado wapo dukani. Portobello ilipewa leseni hiyo mwaka 1833 na ikanyang'anywa 1896. Miaka 63 tu. Yote ninayoeleza hapa chini yanatokana na miaka hiyo 63, na kile kilichofuata mwenye leseni alipofariki, yaani mirathi.

Kwanza jina, tulimalize. Mwaka 1731 nahodha wa meli ya Uingereza, Robert Jenkins, alikatwa sikio na walinzi wa pwani wa Hispania katika bahari ya Karibi. Uingereza na Hispania zilikuwa na ugomvi mkubwa zaidi wa kibiashara, lakini sikio linaeleweka haraka kuliko ushuru wa forodha, na vita vilivyotangazwa 1739 vinajulikana mpaka leo kama Vita vya Sikio la Jenkins. Novemba ya mwaka huo Admirali Edward Vernon alikwenda na meli sita tu akaiteka bandari ya Wahispania iitwayo Porto Bello, katika nchi ya leo ya Panama. Inasemekana Columbus ndiye aliyeipa jina alipotia nanga pale 1502: bandari nzuri. Uingereza ilishangilia kupita kiasi, na jina likaanza kubandikwa kila mahali. Shamba moja nje ya London lilipewa jina hilo, na njia ya kwenda shambani ndiyo barabara ya soko mnayoijua. Kumbe soko la London na ufukwe wa Scotland ni ndugu wa baba mmoja, lakini hakuna aliyemzaa mwenzake.

Upande wa Scotland, simulizi ya wenyeji inamtaja baharia George Hamilton, aliyepigana chini ya Vernon, akarudi, na 1742 akajenga kibanda kando ya barabara ya kwenda Musselburgh, kwenye nyika ya vichaka vya miiba iliyoitwa Figgate, akakiita Portobello. Nyika ile ilikuwa na sifa mbaya ya wanyang'anyi na wapitisha magendo. Ndiyo mwanzo wa mji: kibanda kimoja chenye jina kubwa. Bandari nzuri haikuwapo. Baadaye kilijengwa kibandari kidogo kwenye mdomo wa kijito cha Figgate, nacho kikabomoka.

Kilichouleta mji hasa ni udongo. Katika miaka ya 1760 mjenzi mmoja wa Edinburgh, William Jamieson, aligundua kando ya kijito kile udongo mzito wa mfinyanzi. Akaanzisha matofali na vigae, vikafuata viwanda vya vyungu na sahani, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Ukitembea Bridge Street leo utakuta tanuri mbili za matofali mekundu zenye umbo la chupa, tumbo pana chini na shingo nyembamba juu, refu kuliko nyumba za jirani. Zilijengwa 1906 na 1909. Vyombo vilipangwa tumboni, moto ukakokwa kuzunguka pembeni, na shingo ikavuta moshi juu. Kiwanda chenyewe kilihamia Crieff mwaka 1972, lakini tanuri zimeachwa, na watu wasiojua huuliza kama ni misikiti ya zamani.

Halafu likaja jambo la pili, bahari. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wa Uingereza walikuwa wanawaandikia wagonjwa maji ya chumvi kama dawa. Mwaka 1795 mchanga wa Portobello ulipata vibanda vya kuogea: vyumba vidogo vya mbao juu ya magurudumu. Mama wa heshima aliingia akiwa amevaa kamili, farasi akakikokota kibanda mpaka maji yakafika kiunoni mwa magurudumu, naye akabadili nguo gizani humo ndani, kisha akateremka ngazi za upande wa baharini pasipo mtu wa ufukweni kumwona. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaweza kucheka, lakini hata sisi tuna taratibu zetu za nani aoge wapi na amevaa nini.

Mchanga huo huo ulitumika kwa mazoezi ya askari wa farasi. Mwandishi Walter Scott alikuwa mmoja wao, na 1802 alipigwa teke na farasi akalazimika kulala siku kadhaa kwenye nyumba ya wageni hapo. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikuja kuwakagua wapanda farasi ufukweni.

Hivyo ilipofika 1833, Portobello ilikuwa na viwanda upande mmoja na nyumba za watu wenye nafasi upande wa pili, na sheria ya mwaka huo ya kurekebisha tawala za miji ikaipa hadhi yake. Ilikuwa pia katika jimbo moja la uchaguzi na Leith na Musselburgh. Reli ilipofika, wakazi wa Edinburgh wakaanza kumiminika kila hali ya hewa ilipokuwa njema. Mwaka 1871 lilifunguliwa gati refu la kutembelea lililokwenda baharini karibu mita 380, msanifu wake akiwa Thomas Bouch. Ukilisikia jina hilo Scotland, watu hutulia kidogo: ndiye aliyesanifu daraja la reli la mto Tay, lililoanguka usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 na treni ikiwa juu yake. Gati la Portobello halikuua mtu kwa namna hiyo, lakini dhoruba zililiumiza kila mara, na 1917 likabomolewa.

Sasa kifo chenyewe. Wengi hudhani Edinburgh iliiteka Portobello kwa nguvu, kama Vernon na meli zake. Haikuwa hivyo. Miaka ya 1890 Portobello ilikuwa na watu wapatao elfu nane. Edinburgh ilikuwa na zaidi ya laki mbili na nusu. Mji mdogo wa mapumziko una mahitaji ya mji mkubwa: maji safi, mitaro, taa, ukuta wa kuzuia bahari. Wageni wanakuja na kuchafua, kodi wanalipa wenyeji. Na katikati ya miji hiyo miwili kulikuwa na malisho ya Craigentinny, ambayo yalinyweshwa maji taka ya Edinburgh ili kuotesha majani ya ng'ombe. Fikiria unatangaza hewa safi ya bahari, upepo unageuka.

Kwa hiyo walikaa mezani. Sheria ya Bunge ya 1896 iliyopanua mipaka ya Edinburgh ikaichukua Portobello, lakini kwa masharti. Hapa ndipo nasema mirathi. Mzee mwenye akili, akijua siku zake zimekaribia, huandika wasia mrithi angali anamhitaji. Portobello iliahidiwa nyumba ya kuogea na ukumbi mpya wa mji.

Nyumba ya kuogea ilifunguliwa 1901, barabara ya ufukweni, ikiwa na mabwawa ya kuogelea na vyumba vya mvuke vya mtindo wa Kituruki. Vyumba hivyo bado vinafanya kazi. Ni miongoni mwa vichache vilivyobaki Scotland nzima. Ukumbi ulichukua muda. Ulifunguliwa 1914, miaka 18 baada ya muungano. Mrithi alilipa deni, ila alilipa kwa mwendo wake. Jengo la zamani la baraza, lenye mnara kama ngome ndogo, likageuka kituo cha polisi.

Ukitaka kuona muungano usio na wasia, nenda Leith, mji wa bandari uliogusana na Edinburgh bega kwa bega. Leith hawakutaka. Walipopiga kura ya maoni, waliokataa walikuwa zaidi ya watano kwa kila mmoja aliyekubali. Wakaunganishwa vilevile mwaka 1920. Kabla ya hapo tramu za Leith zilikuwa za umeme na za Edinburgh zilivutwa na kebo chini ya barabara, hivyo kila abiria alilazimika kushuka Pilrig, pale mpakani, na mizigo yake na watoto, mvua inanyesha, akapanda tramu nyingine kumalizia safari ya barabara ileile moja. Hali hiyo ilidumu hadi 1922. Wapo waliosema tramu hiyo peke yake ilitosha kuwa hoja ya kuungana. Mimi nasema ilitosha kuwa hoja ya kuunganisha tramu.

Portobello na Leith si pekee. Govan na Partick ziliingia Glasgow 1912, na Broughty Ferry, kitongoji cha pwani cha matajiri wa viwanda vya magunia, kikaingia Dundee 1913. Mwaka 1975 Scotland ilifuta miji yote yenye hati iliyokuwa imebaki. Basi ukitafakari, Portobello ilitangulia tu kwenye njia ambayo wote waliipita. Musselburgh, jirani wa mashariki ambaye hakuwahi kumezwa na Edinburgh, nayo ilipoteza baraza lake mwaka huo huo na leo iko chini ya halmashauri ya East Lothian.

Baada ya 1896 ufukwe haukulala. Mwaka 1936 jiji lilijenga hapo bwawa la wazi lenye urefu wa karibu mita 100, na mashine ya kutengeneza mawimbi. Maji yalipashwa kwa joto la ziada kutoka kituo cha umeme cha jirani, ingawa kila mzee aliyewahi kuoga atakuambia hilo joto hakulisikia. Hapa pana uvumi wa kunyoosha: mwigizaji Sean Connery hakuzaliwa Portobello. Alikulia Fountainbridge, ndani ya Edinburgh. Portobello alifanya kazi ya kuokoa waogeleaji kwenye bwawa hilo, kabla hajajulikana. Aliyezaliwa Portobello ni mwimbaji na mchekeshaji Harry Lauder, mwaka 1870, hapo hapo Bridge Street zilipo tanuri. Kituo cha umeme kilizimwa 1977, bwawa likafungwa 1979, na sasa panachezwa mpira.

Nifike kwenye kesi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Sheria ya Scotland ina kitu kinachoitwa mali ya manufaa ya wote. Ni cha kale. Sheria yake ya msingi ni ya 1491. Ni mali ambayo mji wenye hati uliishika kwa ajili ya wakazi wake: viwanja, majengo, hata mikufu ya mameya. Msomaji wa pwani atalielewa haraka nikisema linafanana na wakfu. Halifanani kwa kila kitu, kwani msingi wake si dini. Lakini wazo ni lile lile: msimamizi hubadilika, mali haibadiliki, na kuna sehemu ya mali hiyo ambayo msimamizi hawezi kuigusa apendavyo. Miji yenye hati ilipofutwa, mali hizo zilirithiwa na halmashauri mpya pamoja na masharti yake.

Mwaka 1898, miaka miwili baada ya muungano, Edinburgh ilinunua ardhi kutoka kwa Duke wa Abercorn kwa ajili ya bustani ya umma. Ndiyo Portobello Park. Zaidi ya karne moja baadaye, shule ya sekondari ya Portobello, ya mwaka 1964, ilikuwa imechoka, na halmashauri ikaamua kujenga mpya kwenye bustani hiyo. Wazazi wengi walitaka shule. Wakazi wengine walitaka bustani. Jirani kwa jirani wakaacha kusalimiana.

Waliopinga walikwenda mahakamani. Wakashindwa mara ya kwanza, wakakata rufaa, na Septemba 2012 wakashinda. Hoja ya majaji inahitaji kusomwa polepole. Bustani, walisema, ni mali ya manufaa ya wote isiyoweza kutolewa. Sheria ya 1973 inaruhusu halmashauri kuomba kibali cha mahakama ili kuuza au kukodisha mali kama hiyo. Lakini halmashauri hapa haikutaka kumpa mtu mwingine. Ilitaka kubaki nayo na kuitumia kwa kazi nyingine, na hilo sheria haikulitaja. Kwa hiyo wangeweza kuomba kibali cha kuiuza bustani kwa mgeni, ila hawakuwa na mlango wa kuomba kujenga shule ya watoto wao wenyewe.

Ukicheka, umeelewa vizuri.

Mara nyingi nasikia ikisimuliwa kwamba Portobello, mji wa zamani, ilidai ardhi yake. Hapana. Bustani ilinunuliwa na Edinburgh, na walioshtaki walisimama kama wakazi tu. Hiyo kwangu ndiyo sehemu tamu zaidi: mji uliokufa haukuhitaji kufufuka. Sharti lilikuwa limeshonwa kwenye ardhi yenyewe, na yeyote anayekaa hapo angeweza kulisoma kwa sauti.

Halmashauri haikukata tamaa. Ilikwenda Bunge la Scotland kuomba sheria maalumu kwa kiwanja kimoja, na 2014 sheria ya Portobello Park ikapitishwa. Shule mpya ilifunguliwa Oktoba 2016. Kama fidia, eneo la shule ya zamani likageuzwa bustani, Treverlen Park, iliyofunguliwa 2021. Nani alishinda? Inategemea unamuuliza nani, na kama ana watoto.

Watu waliogombana kwa shule walikutana tena kwa kanisa. Kanisa la zamani la parokia, la mwaka 1809, lililoko mtaa wa Bellfield, lilikuwa linauzwa. Scotland ilikuwa na sheria ya kuwapa jamii za vijijini nafasi ya kwanza ya kununua ardhi inapouzwa, na 2016 haki hiyo ikafika mijini. Inabidi jamii ijiandikishe, ichore mipaka yake kwenye ramani, ipige kura, na serikali iridhie. Tazama sharti la pili: ichore mipaka yake. Wakazi wa Porty hawakuhangaika kutafuta wanaishia wapi. Mwaka 2017 walilinunua, la kwanza mjini kwa sheria hiyo, na 2018 likafunguliwa kama nyumba ya shughuli za jamii. Ule ukumbi wa 1914 nao ulifungwa 2019 kwa sababu ya dari. 2023 ukafunguliwa tena chini ya kikundi cha wenyeji. Sehemu ya wasia imerudi mikononi mwa wajukuu.

Nguvu za kisheria walizo nazo ni ndogo. Lipo baraza la jamii la Portobello, lakini halitozi kodi, halijengi barabara, halitoi kibali cha ujenzi. Linatoa maoni, na jiji linapaswa kuyasikiliza. Asikudanganye mtu kwamba kuna serikali ya siri ufukweni.

Nikamjibu mpwa wangu hivi. Fomu ya chuo, andika Edinburgh. Pipa la taka lisipochukuliwa, piga simu Edinburgh. Ukitaka ukumbi wa kufanyia sherehe ya kumaliza masomo, nenda Bellfield, kwa watu wa Porty. Na mama mwenye nyumba akikunyooshea kidole tena kuelekea magharibi, mwulize aliyaogea wapi maji yenye mawimbi alipokuwa mdogo. Alifanya hivyo. Anasema hakulala mpaka saa saba za usiku, na chai ilipashwa mara tatu.